Ghorofa la magari lisijengwe Mji wa Kale

Kila nikialikwa kuzungumzia msongamano wa Mombasa, swali hili huja mapema: mbona tusijenge ghorofa la kuegesha magari karibu na Mji wa Kale? Anayeuliza huwa hana nia mbaya. Amezunguka soko la Markiti na Barabara ya Nkrumah nusu saa akitafuta pa kuliacha gari, jua linamchoma, na mwishowe amelipandisha kwenye njia ya waendao kwa miguu. Anaona jambo jepesi kabisa: magari mia tatu yakipandishwa juu, barabara za chini zitapumua.

Kupanga usafiri wa miji ndiyo kazi yangu, na jibu langu ni hapana. Nimezaliwa pwani na mji huu naupenda, lakini mapenzi peke yake hayamshindi mhandisi aliyekuja na ramani mkononi. Kwa hiyo nitajibu kwa hesabu za kazi yenyewe.

Gari likisimama uwanjani huchukua kama mita za mraba 12. Ndani ya jengo, ukishaongeza njia za kupitia, kona na mteremko wa kupandia, kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 300 basi yanataka mita za mraba 7,500 kwa uchache. Zigawe kwenye sakafu tano, kila sakafu ni mita za mraba 1,500. Sasa tafuta kiwanja cha ukubwa huo Mji wa Kale bila kubomoa nyumba ya mtu na bila kuwanyang'anya watoto uwanja wao wa mpira. Mimi nimetafuta kwenye ramani, na kila nilipoweka kidole palikuwa pameshakaliwa na maisha ya watu.

Tuseme kiwanja kimepatikana. Saa kumi na moja jioni ofisi zinafungwa, na magari 300 yanataka kutoka kwa muda wa saa moja. Hilo ni gari moja kila sekunde 12, yote yakimiminikia barabara ile ile ambayo tayari ina matatu, tuktuk na mikokoteni. Ghorofa halimezi magari. Huyaweka tumboni kutwa nzima, kisha huyatapika kwa mkupuo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nafasi ya kuegesha ndiyo inayomwamulia mtu atoke na gari au apande matatu. Anayekaa Bamburi, akijua mjini hakuna pa kuegesha, hupanga safari yake kwa njia nyingine. Akijua kuna ghorofa lenye nafasi mia tatu, hugeuza ufunguo. Na Mombasa ni kisiwa. Kutoka kaskazini gari lake litapita daraja la Nyali, kama mwenzake wa kusini atakavyongoja kivuko cha Likoni na wa magharibi atakavyopita Makupa. Ukiongeza nafasi 300 katikati ya kisiwa, umeyaita magari 300 kwenye milango hiyo, na nafasi moja ikitumiwa na watu wawili au watatu kwa siku, umeyaita zaidi.

Niliwahi kupita na futi ya kupimia kwenye uchochoro mmoja wa Mji wa Kale, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Kutoka baraza hadi baraza nilipata mita tatu kasoro kidogo. Gari dogo na vioo vyake vya pembeni huchukua karibu mita mbili. Mzee aliyekuwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa alinitazama nikiandika, kisha gari likaingia. Hakusema neno. Alivuta miguu yake juu ya baraza, akakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka gari lilipopita, kisha akaishusha miguu tena. Katika robo saa niliyosimama pale alifanya hivyo mara sita. Juu ya kichwa chake kulikuwa na roshani ya mbao, na kona yake moja ilikuwa imechubuliwa na gari la mizigo. Mbao ilikuwa nyeupe mahali palipokwaruzwa, kama mfupa.

Nyumba zenyewe zinahitaji maelezo, kwa sababu watu huziona nene wakadhani ni ngumu. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo. Hamna nondo ndani. Sakafu zinabebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Nyumba ya namna hii husimama karne nyingi ikiachwa itulie, paa lisipovuja na msingi usipotikiswa. Jengo la zege la sakafu tano halijengwi kwa utulivu. Litachimbiwa msingi wa kina, huenda na nguzo za kupigwa ardhini kwa mashine, na kila pigo husafiri ardhini hadi kwa jirani.

Niliitwa mara moja kwenye nyumba iliyopakana na ujenzi mkubwa. Mwenye nyumba alikuwa ameona ufa mwembamba juu ya mlango. Tulibandika kipande cha kioo chembamba kuvuka ule ufa, kwa jasi kila upande. Mimi hukiita shahidi: ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hakiwezi kunyumbuka, kinapasuka. Siku ya nne tulikikuta kimekatika katikati. Mjenzi alisema ufa ulikuwapo kabla yake, na ni kweli ulikuwapo. Lakini kioo tulikiweka kikiwa kizima. Tangu siku hiyo huwaambia wenye nyumba: piga picha za kuta zako zote, zenye tarehe, kabla mashine ya kwanza haijafika.

Mji ninaopenda kuutolea mfano ni Gent, Ubelgiji. Katikati yake kuna mnara mrefu wa kengele wa zama za kati, na makanisa mawili makongwe yaliyojipanga nao. Miaka ya 1990 wakuu wa mji walitaka kujenga maegesho makubwa ya chini ya ardhi pale pale, miguuni pa mnara. Hoja zilikuwa hizi tunazozisikia kwetu: wenye maduka watakosa wateja, mji utakufa. Wakaazi wakakusanya saini, na Desemba 1997 ikapigwa kura ya maoni. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 41 ya waliostahili, na kati yao takriban 95 katika kila 100 walikataa. Maegesho hayakujengwa. Mwaka huo huo mji ulitenga eneo la katikati, kama hekta 35, liwe la waendao kwa miguu.

Aprili 2017 Gent wakaenda mbali zaidi. Waliugawa mji katika vipande sita vinavyozunguka kitovu kisicho na magari, na gari haliwezi kutoka kipande kimoja kuingia kingine kwa kukata katikati. Lazima lirudi kwenye barabara ya mzunguko. Anayetoka mbali huacha gari pembeni ya mji, akapanda tramu, yaani treni ndogo ya barabarani, au basi. Na pale palipokusudiwa maegesho, tangu 2012 pamesimama ukumbi mkubwa ulio wazi pande zote, wenye mapaa mawili ya mgongo. Mvua ikinyesha watu hukimbilia humo.

Najua Mombasa haina tramu. Najua pia kuna watu wenye haki ya kufika na gari hadi mlangoni, na sitaki wapuuzwe: mlemavu, mgonjwa, mkaazi mwenyewe, muuza samaki mwenye barafu inayoyeyuka. Hao hawahitaji ghorofa. Wanahitaji nafasi chache za chini zilizo karibu, zenye alama, na zinazolindwa zisichukuliwe na mtu aliyekuja kukaa kutwa. Mizigo inaweza kupewa saa zake za asubuhi. Kwa mwenye duka, hesabu ni rahisi. Nafasi moja mbele ya duka lake, ikikaliwa na gari la mfanyakazi wa ofisi tangu saa mbili hadi saa kumi na moja, imemhudumia mtu mmoja. Ukiweka ada na kikomo cha muda wa saa mbili kwa kila gari, nafasi hiyo hiyo huhudumia wanne. Hiyo ni kazi ya rangi, vibao na askari wa maegesho, na gharama yake haikaribii ya zege. Gari la kutwa nzima lipewe uwanja nje ya mji mkongwe, kwenye njia za matatu, na hela za ghorofa ziende kwenye vivuli na njia za miguu.

Ngome ya Fort Jesus, iliyo ukingoni mwa Mji wa Kale na iliyoanza kujengwa 1593, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na mandhari yake haiishii ukutani kwake. Ukileta jengo refu la zege karibu nayo, umebadilisha kinachoonekana kutoka baharini na kutoka mjini kwa pamoja.

Mradi wa aina hii ukitangazwa mtaani kwako, sheria za Kenya zinakupa nafasi ya kusema: tathmini ya athari kwa mazingira lazima ifanywe, na umma ushirikishwe. Nenda kwenye mkutano, hata kama umeitwa asubuhi ya siku ya kazi. Omba ripoti ya trafiki, usikubali muhtasari. Uliza ni magari mangapi yatatoka kwa saa, na yatashika barabara gani. Uliza msingi utachimbwa vipi, umbali gani kutoka ukuta wa jirani, na nani atapima nyufa kabla ya kazi kuanza. Uliza ni lini mara ya mwisho walihesabu nafasi zilizopo sasa, mtaa kwa mtaa, na ngapi kati yake zimekaliwa tangu asubuhi na gari lile lile. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na nakala uondoke nayo.