Kupima ugonjwa kwa pumzi: kompyuta inafanya kazi gani hasa?

Kila ikitoka habari ya kifaa kinachogundua ugonjwa kwa pumzi, nusu ya maelezo yanayosambaa baada yake huwa si sahihi. Haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi.

"Ni alkoblo tu, ila ya magonjwa."
Alkoblo, kile kipimo cha pombe katika pumzi za madereva, ina kazi nyepesi. Pumzi ya dereva aliyefikia kiwango cha kukamatwa huwa na ethanoli kama sehemu 200 katika milioni. Asetoni, inayochunguzwa kwa ajili ya kisukari, kwa mtu mwenye afya huwa chini ya sehemu 1, na kiwango kinachotajwa sana kwa mgonjwa ni kuanzia 1.8. Viashiria vya magonjwa mengine, yaani kemikali zinazoashiria ugonjwa, huhesabiwa kwa sehemu katika bilioni.

"Kompyuta hupokea pumzi na kutaja ugonjwa."
Kemia ya kompyuta hufanya kazi yake kabla kifaa hakijakuwepo. Mtafiti huunda kwenye programu uso wa kitambuzi (sehemu ya kifaa inayonasa kemikali), tuseme wa oksidi ya tungsteni au grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, huweka juu yake molekuli ya asetoni, kisha hukokotoa elektroni zitakavyojipanga upya. Anataka kujua mambo mawili: molekuli itanata kwa nishati kiasi gani, na elektroni zitahama kiasi gani. Huko kuhama ndiko kunakobadili ukinzani wa umeme ambao kifaa husoma. Nadharia inayotumika zaidi ni ile ya msongamano wa elektroni, iliyompatia Walter Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998.

"Molekuli ikinata kwa nguvu zaidi, kitambuzi ni bora zaidi."
Hii huwanasa hata waliosoma kemia. Molekuli inayonata lazima pia iachie, la sivyo mgonjwa wa pili atapimwa kwa pumzi ya wa kwanza. Na muda wa kuachia haupandi taratibu. Kwa makadirio ya kawaida, kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, molekuli iliyonata kwa elektronivolti 0.5 (kipimo cha nishati cha kiwango cha atomu) huachia kabla ya elfu moja ya sekunde kupita. Kwa elektronivolti 1, itakaa saa 17 hivi. Kwa 1.5, miaka kama laki tano! Sasa pasha moto uso huohuo hadi nyuzi 330, na hiyo miaka laki tano inakuwa sekunde tatu au nne. Ndiyo maana vitambuzi vingi vya oksidi za metali hufanya kazi vikiwa vya moto sana, na ndiyo maana makala inayojigamba kwa nishati kubwa ya kunata bila kutaja muda wa kuachia hainishawishi.

"Hesabu zikikubali, kifaa kiko tayari."
Hesabu nyingi huchukua molekuli moja, uso safi, na ombwe, yaani mahali pasipo na hewa. Pumzi halisi ina mvuke wa maji asilimia 5 hadi 6, yaani zaidi ya sehemu 50,000 katika milioni, dhidi ya ile 1 ya asetoni. Maji hugombea nafasi zilezile kwenye uso wa kitambuzi. Asiyeyaingiza maji kwenye hesabu zake amebuni kitambuzi cha mgonjwa asiyepumua. Hata hivyo, hesabu hizo humwondolea mtafiti nyenzo zisizofaa kabla hajatumia fedha za maabara, na hilo si dogo.

"Kila ugonjwa una molekuli yake."
Asetoni hupanda hata kwa mtu mzima wa afya aliyefunga Ramadhani, kwa sababu mwili wake umeanza kuchoma mafuta. Kipimo cha Covid kwa pumzi cha InspectIR, kilichoruhusiwa kwa dharura Marekani Aprili 2022, kilitafuta kemikali 5 kwa pamoja, si moja.

"Panya wa Morogoro hunusa pumzi za wagonjwa wa kifua kikuu."
Hunusa makohozi.

"Haya yote bado ni ndoto."
Kipimo cha oksidi ya nitriki katika pumzi za wagonjwa wa pumu kiliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Kwa bakteria wa vidonda vya tumbo, mgonjwa hunywa urea yenye kaboni-13, yaani kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida. Kama bakteria wapo, huivunja, na kaboni hiyo hutoka katika hewa anayopumua. Hapo daktari hahangaiki kutafuta kiashiria kidogo mno, kwani amempa mgonjwa kiashiria chenyewe akinywe.