"Indignant" Si Hasira Kubwa Zaidi

Ile orodha imenifikia tena: safu ya kushoto ina "sad", "angry" na "happy", safu ya kulia ina "melancholy", "indignant" na "elated", katikati pana mishale. Chini yake mwanafunzi anaahidiwa kwamba akiling'oa neno la kushoto na kulipachika la kulia, Kiingereza chake kitapanda daraja. Nafundisha uandishi wa Kiingereza kwa wanaojiandaa kwa mitihani ya kiwango cha juu, nami ndiye ninayesahihisha matunda ya mishale hiyo. Tunda la karibuni lilikuwa hili: "My brother was indignant because he was hungry."

Sarufi ya sentensi hiyo haina kosa, lakini maana imevunjika. "Indignant" ni hasira ya mtu anayeamini kwamba haki imekiukwa, iwe yake au ya mwingine. Shina lake la Kilatini linahusu kustahili, na maana hiyo bado ina nguvu: aliye "indignant" anasema kwamba lililotendeka halikustahili kutendeka. Njaa haimdhulumu mtu kwa namna hiyo. Kama kaka huyo alinyimwa chakula huku wenzake wakila, neno lingekaa sawasawa. Kama alichelewa tu kula, alikuwa "irritable", basi. Anayeandika "indignant" amekwisha kutoa hukumu kuhusu chanzo cha hasira, na msomaji atautafuta ushahidi wa hukumu hiyo ndani ya sentensi.

Yaweke maneno ya jamaa hiyo pamoja uone yalivyo mbalimbali. "Resentful" ni hasira inayolelewa kimyakimya, yenye mlengwa na yenye historia. "Exasperated" ni ya mtu ambaye subira imemwishia kwa sababu jambo lilelile limerudiwa mno. "Irate" huonekana kwa nje, kwa sauti na kwa uso, ndiyo maana hutumika zaidi kumweleza mtu mwingine kuliko kujieleza mwenyewe. Hayapandi ngazi moja kutoka hasira ndogo hadi kubwa. Hasira ya "resentful" yaweza kuwa ndogo kabisa na bado ikadumu miaka. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna udhuru wa kutoliona hili, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu atakayeandika kinyongo mahali pa hamaki. Mwenye hamaki huwaka ghafla, na huenda akapoa papo hapo. Mwenye kinyongo atakuamkia kwa heshima zote, na moyoni hajasahau.

Suala la "very" nitalipitia haraka. "Furious" (mwenye ghadhabu kali) na "devastated" (aliyevunjika moyo kabisa) tayari yamebeba kilele ndani yake, kwa hiyo huenda na "absolutely", ilhali "very furious" hulikwaza sikio.

Wengine huutetea mshale kwa kutaja kamusi za visawe. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza aliyechapisha thesauri yake mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mafungu ya fikra na hakuyatolea fasili, kwa maana kazi hiyo ilikuwa ya kumkumbusha mtu neno ambalo tayari analijua. Anayechota humo neno asilolijua anaitumia kinyume cha ilivyokusudiwa. Mtihani wa IELTS nao, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza, ambao wengi huutaja kama sababu ya kukariri orodha, huipa msamiati robo ya alama za uandishi, lakini vigezo vyake hutaja waziwazi namna maneno yanavyoandamana. Watu huwa "bitterly disappointed", "deeply resentful" na "mildly irritated". Mtahini anayekutana na "bitterly elated" hataona ujasiri wa lugha, ataona orodha.

Madhara makubwa zaidi hujitokeza katika kusoma. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya darasa: "He supposed she was right, he said, and went on folding the letter into smaller and smaller squares." Wanafunzi wengi hujibu kwamba mtu huyo ana huzuni, kisha huibadilisha huzuni kuwa "melancholy" na kuona kazi imekwisha. Kazi haijaanza. "Supposed" linaonyesha kukubali kwa shingo upande. Karatasi inayokunjwa na kukunjwa tena inaonyesha kwamba kuna kitu kinabanwa. Hapo ndipo kitenzi cha kufasiria kinapokuwa na uzito kuliko kivumishi. Ukiandika kwamba mikono yake "betrays" uchungu, unadai kwamba hakukusudia uonekane. Ukiandika "conveys", dai hilo unaliacha. Ukiandika "suggests", unakiri kwamba ushahidi hautoshi kufunga mjadala, na mara nyingi huo ndio ukweli. Je, mtu huyo ni "resigned", yaani amekubali yaishe, au "resentful"? Sioni neno lolote katika sentensi hiyo linaloamua, na vitabu vya mazoezi vinavyotoa jibu moja kwa maswali ya namna hii huficha utata ambao mwanafunzi anapaswa kufundishwa kuueleza.

Vitabu huficha na mengine. Husisitiza kwamba msemaji "implies" (hudokeza) na msikilizaji "infers" (hung'amua kilichodokezwa), nami hufundisha hivyo, ingawa Waingereza wenyewe wametumia "infer" kwa maana zote mbili kwa karne kadhaa. Hutenganisha "envious", anayetamani cha mwenzake, na "jealous", anayehofia kupoteza chake. Katika mazungumzo ya kila siku "jealous" limemeza yote mawili, nami sina uhakika kwamba ni haki kumkata alama mwanafunzi anayesema kama wasemavyo wenye lugha. Linalonisumbua zaidi ni "nonplussed". Maana yake ya asili ni kuduwaa hata usijue la kufanya, lakini wasemaji wengi, hasa Marekani, hulitumia kwa mtu asiyetikisika hata kidogo. Nalifundisha kwa ajili ya kusoma tu, nikiwataka wanafunzi waangalie muktadha kabla ya kuamua ni maana ipi. Katika kuandika nawaambia watumie "perplexed" kwa aliyeduwaa na "unruffled" kwa aliyetulia.