Kaskazi, Mfungo Tano: Kuutafuta Mwaka wa Baba

Baba alikuwa baharia Mombasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika kikosi cha akiba cha wanamaji wa Kenya. Hakuwahi kututajia mwaka. Kwake jambo lilitokea kusi (majira ya upepo yanayoanza Aprili hivi) au kaskazi (Desemba hadi Machi hivi), mfungo fulani (mwezi wa Kiislamu ukihesabiwa tangu Ramadhani iishe; mfungo tano ni Safar), basi. Kazi yangu ni kulinganisha masimulizi ya wazee na nyaraka za kijeshi, na siku hizi simuulizi mzee "mwaka gani?" Swali hilo humfanya abahatishe. Namuuliza upepo na mwezi.

Baba alisema manowari kubwa ziliingia Kilindini kusi ikianza, Maulidi yamepita kitambo kidogo. Hapo hapana ugumu. Wajapani waliishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, Admirali James Somerville wa Uingereza akazihamishia manowari zake Kilindini. Mwaka ule Maulidi yaliangukia mwisho wa Machi.

Kauli ya pili ndiyo iliyotugombanisha nyumbani. Baba alimsindikiza rafiki yake, askari wa mizinga, hadi bandarini, "kaskazi, mfungo tano", na hakumwona tena. Kaka yangu alishikilia kuwa ni 1942. Mama alichojua ni kwamba kila ukifika mfungo tano Baba alimsomea mtu hitima.

Kalenda peke yake haikunisaidia. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi tu, kwa hiyo mfungo tano uliangukia kaskazi mwaka 1942, 1943 na pia 1944. Jibu lilitoka kwa kaka mwenyewe, alipokumbuka maneno ya Baba: "Wakubwa walikuwa wamekwisha kwenda zao." Wakubwa ni zile manowari, nazo zilirudi Ceylon mwaka 1943, mfungo tano wa mwaka ule ukiwa umekwisha kupita. Basi ni 1944.

Tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli Khedive Ismail karibu na Maldives, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Meli ilizama kwa dakika chache. Kisha manowari ya Uingereza, HMS Petard, ikiisaka nyambizi, ilirusha mabomu ya chini ya maji palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi na bado huwa naiweka chini kwanza.

Nilipompelekea Mama tarehe, aliuliza jambo moja tu: usiku au mchana?

Mchana, nikamwambia.