Dubai hadi Guangzhou: kurudi si njia ya mkato

Wiki hii nimeulizwa tena, na huyu ni mteja wa tatu. "Kaka, mbona kwenda Guangzhou ni saa kumi na moja, kurudi Dubai hata tano hazifiki? Nitafutie hiyo ndege ya kurudi nipande na kwendea, ndiyo yenye mwendo." Tiketi kaikunja mara nne, kidole kiko juu ya namba. Kutoa anajua. Tatizo ni kwamba anatoa saa za nchi mbili.

Tiketi huandika saa ya mahali. Unaondoka Dubai 10:30, saa ya Dubai. Unatua Guangzhou 21:40, saa ya China, iliyo mbele kwa saa nne. Punguza hizo nne, zinabaki saa 7 na dakika 10. Kurudi unaondoka 00:15, unatua 04:55. Hapa nne unaziongeza, zinakuwa saa 8 na dakika 40. Ile uliyoiona fupi ndiyo ndefu! Huko juu, kilomita kumi na kitu kutoka ardhini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira yao ya baridi huzidi. Kwenda China unakusukuma, kurudi unakukaba.

Na usiniambie dunia inazunguka ikija kukupokea. Hewa inazunguka pamoja nayo, na ndege imo humo hewani.

Wengine hugawanya kilomita 5,800 kwa mwendo wa 900, wakapata saa sita na nusu, kisha wakasema nimewadanganya. Muda wa tiketi huanza ndege inapoachia geti hadi inapoegesha kule iendako, foleni ya kuruka ikiwemo. Tena njia si kamba iliyovutwa: ndege hufuata njia za anga zilizopangwa.

Ila hiyo 00:15 ndiyo inayonitoa jasho. Mama mmoja, muuza mapazia hapa Kariakoo, aliandikiwa tarehe 14, 00:15. Siku nzima ya tarehe 14 akawa hotelini anafunga mizigo bila haraka, akafika Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, saa nne usiku. Ndege yake ilishatua Dubai tangu asubuhi. Akanipigia analia, na bei ya tiketi ya dharura sitaitaja.

Siku hizi, mteja apende asipende, namwandikia kwa kalamu nyekundu juu ya tiketi: "Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Uwe uwanjani tarehe 13, saa tatu usiku." Na chini yake, kwa sababu yupo aliyeisoma kama adhuhuri: "Saa sita na robo USIKU."