Matundu Madogo, Upasuaji Uleule

Nimechoka kuambiwa kwamba upasuaji wa saratani ya tezi dume kwa njia ya matundu madogo tumboni, badala ya kupasua wazi, hauna madhara. Imani hiyo huletwa kliniki hapa Kampala na wazee walioshauriwa kwa simu na watoto wao walioko ng'ambo na, jambo linaloniudhi zaidi, huletwa pia na madaktari wenzangu. Matundu hupunguza upotevu wa damu. Hilo halina ubishi. Lakini ndani ni tezi ileile inayotolewa, mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume imeikumbatia pande zote mbili, puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, liko nyuma yake, na kibofu lazima kishonwe upya na mrija wa mkojo. Mshono kuvuja, puru kutobolewa au shingo ya kibofu kuzibwa na kovu ni mambo yasiyotegemea ukubwa wa jeraha la nje. Katika jaribio la Brisbane, Australia, lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya upasuaji wa matundu unaofanywa kwa roboti na upasuaji wa wazi, na baada ya wiki 12 uwezo wa kuzuia mkojo na wa tendo la ndoa haukutofautiana.

Muhimu zaidi ni mkono unaoshika chombo. Utafiti wa mwaka 2009 uliohusu wagonjwa 4,702 na madaktari 29 wa upasuaji wa matundu ulikadiria hatari ya saratani kurudi ndani ya miaka 5 kuwa asilimia 17 kwa daktari aliyekwisha kufanya upasuaji huo mara 10, asilimia 16 kwa aliyefanya mara 250, na asilimia 9 kwa aliyefanya mara 750. Ebu msomaji atazame hapo kati ya mara 10 na mara 250, kwa maana ndipo wengi wanapopitiwa: daktari huanza kumaliza kazi upesi mapema sana, sote tukampongeza kuwa amekomaa, ilhali kujua akate wapi ili asiache saratani nyuma bado kunamsubiri mbali. Tena waliokuwa wazoefu wa upasuaji wa wazi walipata matokeo mabaya kuliko walioanza moja kwa moja na matundu, kwa hiyo mvi za daktari pekee hazimkingi mgonjwa.

Majedwali yetu ya Clavien-Dindo, yanayopanga madhara ya upasuaji kwa uzito wake, nayo hufungwa siku ya 30 au ya 90. Mzee anayevaa nepi mwaka mzima hahesabiwi.

Hapa Uganda wengi hufika saratani ikiwa imeshaingia mifupani, hivyo wanaofaa kwa upasuaji huu ni wachache, na daktari anaweza kustaafu kabla ya kufikisha hata 250. Naelekea kuamini kwamba wagonjwa hao wangepaswa kukusanywa kwa timu moja tu, ingawa najua wenzangu watanuna, na sina hakika kwamba hilo ni haki kwa mzee wa Arua au Kabale asiye na nauli. Hata timu hiyo itakuwa na mgonjwa wake wa kumi, na sioni sababu ya fomu ya ridhaa kutomwambia kwamba ni yeye.