Usiniambie "zamani walijenga kweli"

"Injinia, hili jengo ni la miaka ya sitini. Zamani walijenga kweli. Wewe niambie tu kama ukuta wa jikoni unatoka."

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mtu ambaye ameshatoa arubuni. Tangu SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar mwaka 2024, wengi wameanza kuzitupia macho fleti za zamani za Ilala, Gerezani na kandokando ya Kariakoo, na wana sababu: stesheni iko jirani, mwendokasi uko jirani, vyumba ni vikubwa, dari ziko juu. Eneo sina neno nalo. Ninachokipinga ni hii imani kwamba jengo likishafika miaka sitini limejithibitisha. Limethibitisha kwamba lilisimama miaka hiyo sitini. Kuhusu ishirini unayotaka kuishi wewe halijasema kitu.

Halafu unayoyaona ni yaliyobaki. Yaliyochoka yalishabomolewa, kwa hiyo hayamo kwenye hesabu yako unaposema "ya zamani hayaanguki". Yanaanguka. Beit al-Ajaib la Zanzibar lilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa kwenye ukarabati. Najua kuta zake ni za mawe na chokaa, si zege. Ninachosema ni kwamba umri hauongezi nguvu.

Sasa tuje kwenye zege lenyewe. Nondo haishiki kutu ndani ya zege kwa sababu saruji ina ukali wa alkali unaoilinda. Ulinzi huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya kawaida: kaboni dioksidi inapenya kutoka nje na kuua ule ukali, milimita kwa milimita, mwaka hadi mwaka. Wa pili ni chumvi. Ikifika chumvi ya kutosha kwenye nondo, kutu inaanza hata kama alkali bado ipo. Na kutu inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana zege linapasuka na kudondoka vipande.

Kinachotuamulia muda ni kava, yaani zege lililo kati ya nondo na hewa. Kanuni za Kiingereza za wakati ule ziliruhusu kava ya nusu inchi kwenye slabu, yaani zege la sakafu na dari. Nusu inchi! Hiyo ni kwenye mchoro. Kwenye saiti, fundi akisahau biskuti (vile vipande vidogo vya kuinua nondo) au akikanyaga wavu wa nondo wakati wa kumwaga, unabaki na kidogo zaidi. Leo karibu na bahari tunakwenda milimita 40 na zaidi, na hakuna aliyeamua hivyo kwa kupenda kupoteza saruji. Tulijifunza kutokana na haya haya majengo mnayoyasifia.

Ukienda kuangalia fleti, anza na dari la bafuni na la jikoni, kwa sababu juu yake kuna bafu na jiko la mtu mwingine na maji yamekuwa yakivuja huko tangu kabla hujazaliwa. Panda kwenye stuli, chukua nyundo ndogo, gonga taratibu kutoka pembe hadi pembe. Zege zima linalia kwa mlio mkali, mfupi. Lililoachana na nondo linalia kama debe tupu. Tafuta mistari ya kahawia iliyonyooka, iliyopishana kwa umbali ule ule: hizo ni nondo zinakuonyesha zilipo. Sehemu yenye rangi nyeupe mpya wakati fleti nzima imepauka, gonga mara mbili.

Rangi hiyo mpya ndiyo inayonikasirisha kuliko yote. Muuzaji anaita fundi, fundi anabomoa kipande kilicholegea, anabandika lipu, anapiga skimu na rangi, na dalali anasema "imekarabatiwa". Kama zege limejaa chumvi, kile kiraka kinaweza kuharakisha kutu pembeni yake. Kabla ya kiraka, ile sehemu mbovu ndiyo iliyokuwa inaliwa, na kwa kuliwa kwake ilikuwa inaikinga nondo ya jirani. Ukiifunika kwa saruji mpya yenye alkali, kazi ya kuliwa inahamia kwenye ukingo wa kiraka. Baada ya miaka michache unaona duara la nyufa kuzunguka lipu ambayo yenyewe ni nzima. Ukarabati wa kweli unakata zege hadi nyuma ya nondo, unasafisha kutu yote, unapima chumvi kwenye zege lililobaki. Ni ghali na una kelele. Kama majirani hawakusikia kelele, haukufanyika.

Kosa la pili ni la sisi wenyewe wataalamu. Kuna kipimo cha dawa inaitwa fenolfthaleini: unavunja kipande cha zege, unapulizia, penye alkali panageuka waridi iliyokolea, palipokufa panabaki bila rangi. Kinapendeza kwenye picha. Mteja anaiona waridi kwenye ripoti, anashangilia, anakwenda benki. Lakini dawa hiyo haioni chumvi hata chembe. Jengo lililojengwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa linaweza kung'aa waridi kila mahali huku nondo zikiliwa. Chumvi inapimwa maabara, kwa unga uliotobolewa kwa drili katika kina tofauti. Ripoti ya fleti ya Dar isiyo na kipimo hicho, mimi naihesabu kuwa nusu ripoti.

Vivyo hivyo nyundo ya Schmidt, ile inayodunda juu ya zege na kutoa namba. Zege la zamani lililopoteza alkali ngozi yake inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo namba inapanda. Mtu anasoma namba kubwa kwenye jengo la mwaka 1962 na kusema "unaona, zamani walijenga kweli". Umepima ganda. Kata kokwa la zege, yaani kipande cha mviringo kinachotobolewa hadi ndani, ukalivunje maabara, ndipo tuzungumze nguvu.

Pamoja na yote hayo, ukiniuliza jengo limebakiza miaka mingapi, siwezi kukutajia. Natoboa sehemu chache na kukisia zilizobaki, na katika jengo lililomwagwa kwa ndoo, zege la nguzo moja linaweza kutofautiana na la nguzo inayofuata. Msingi mara nyingi sioni kabisa. Anayekuandikia "miaka 30" na kupiga muhuri, muulize ameipata wapi.

Nyingine nazipitia haraka. Nyaya zisizo na eathi: badilisha zote. Bomba za chuma: ndani zimeziba, badilisha. Bati za asbesto: usizikate wala usizitoboe wewe. Hati mwachie wakili, ila mwulize wazi kama unapewa hati ya sehemu ya jengo chini ya sheria Na. 16 ya mwaka 2008, au unalipa kilemba tu kurithi upangaji wa mtu. Kilemba hakikufanyi mmiliki.

Ninachosisitiza ni kwamba hata ukiwa na hati, zege linalokubeba liko nje ya mlango wako. Panda juu ya paa uhesabu matanki. Lita elfu moja ni tani moja. Watu sita wakiweka tanki la lita elfu mbili kila mmoja, hizo ni tani 12 ambazo msanifu wa mwaka 1962 hakuziweka kwenye mahesabu. Kisha shuka chini kwenye fremu za maduka. Uliza nani alitoa ukuta, nani alipunguza nguzo ili mlango wa duka upanuke. Unapotaka kutoa ukuta wa jikoni, kumbuka na wa chini yako alitaka hivyo hivyo, na huenda hakuita mtu.

Mwisho ulizia chama cha wamiliki. Kina akaunti? Mara ya mwisho kililipia nini? Kama jibu ni kwamba kila mtu anajitengenezea kwake, basi paa, nguzo na chemba havina mwenyewe, na gharama ya kuvitengeneza uikate kwenye bei leo, kabla hujatoa arubuni.