Duru ya pili haipo: tunayoambiana Ujiji kuhusu kumng'oa rais kwa kura

Baada ya swala ya alasiri kijiwe chetu cha kahawa hapa Ujiji, Kigoma, hujaa. Wengi wetu ni wanachama wa chama kimoja cha upinzani, na mjadala ni uleule: rais aliye madarakani tumkabili vipi? Hawa ni ndugu zangu, na najua walivyojitolea kwa ajili ya chama. Ndiyo maana inaniuma nikisikia mipango ikijengwa juu ya sheria ambazo hazipo.

Linalosemwa zaidi ni hili: "Kila chama kisimamishe mtu wake, tumpunguzie kura. Asipofika nusu, tunaungana duru ya pili."

Tanzania haina duru ya pili. Katika uchaguzi wa 1995, Benjamin Mkapa aliposhinda kwa asilimia 61.8, sharti la kuvuka nusu lilikuwepo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 yaliliondoa. Sasa Ibara ya 41 inampa urais anayepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, basi.

Mzee mmoja alituonyesha kwa kete za bao. Alihesabu ishirini, akaweka nane mbele ya kijana mmoja, saba mbele yangu, tano mbele ya jirani yangu. "Haya, rais nani?" Tukanyamaza. Kumi na mbili zetu zilikuwa pale pale mkekani, na nane zimeshinda.

Nadhani majirani ndio wanaotuchanganya. Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne, kila moja na sheria yake. Zambia, kule Mpulungu ambako meli ya Liemba ilikuwa ikishusha watu wetu na mizigo yao, mshindi lazima avuke nusu. Kongo, ng'ambo ya maji, waliifuta duru ya pili mwaka 2011, na Félix Tshisekedi akatangazwa mshindi wa uchaguzi wa 2018 kwa asilimia 38.57.

Haohao Wazambia wanatosha kumjibu anayesema rais aliyepo hang'oki kwa kura. Kenneth Kaunda aling'oka 1991, Rupiah Banda 2011, Edgar Lungu 2021. Hakainde Hichilema, aliyemshinda Lungu, alikuwa ameshashindwa mara tano. Kwetu haijatokea bado, na uwanja wetu una mabonde yake, lakini "haiwezekani" si neno sahihi.

"Basi jina la muungano liwekwe kwenye karatasi ya kura." Mwaka 2015 muungano wa upinzani, Ukawa, ulikuwa na vyama vinne, ila kwenye karatasi Edward Lowassa alikuwa mgombea wa Chadema. Alipata kura 6,072,848 dhidi ya 8,882,935 za John Magufuli. Ni karibu asilimia 40, na hakuna mpinzani aliyekuwa amefika hapo kabla yake tangu 1995. Kwa hiyo kuungana kunasaidia. Ugumu uko kwenye kuachiana majimbo, kwa sababu kura za ubunge zinagusa viti maalumu na ruzuku ya chama. Sisi wa Kigoma tunalijua hili vizuri: mwaka 2010 chama cha NCCR-Mageuzi kilipata wabunge wanne wa majimbo, wote wa mkoa huu. Nenda Kasulu ukamwambie mwanachama wa zamani aache jimbo alilolipigania, uone atakavyokutazama. Mazungumzo ya aina hiyo yanahitaji miaka. Wiki tatu kabla ya kuchukua fomu hazitoshi.

Kuhusu kususia, nitasema bila kumkwepa mtu. Wengi wanaamini tukisusa uchaguzi utakuwa batili na utarudiwa. Sheria yetu haiweki idadi ya chini ya wapiga kura. Zanzibar, chama cha CUF kilisusia marudio ya uchaguzi ya Machi 2016. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 91.4 na akamaliza muhula wake. Aprili 2025 Chadema haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na Tume ya uchaguzi ikasema chama hicho hakitashiriki hata chaguzi ndogo kwa miaka mitano. Madai yao ya mabadiliko ni ya haki, nami nayaunga mkono kwa moyo wote. Oktoba ile ya uchaguzi watu waliuawa, na hakuna hesabu ya kura inayofuta msiba huo. Lakini mwanachama anayepiga kura kikaoni kuunga mkono kususa anastahili kujua gharama yake kamili.

Mgombea binafsi? Haruhusiwi, Ibara ya 39 inataka upendekezwe na chama. Kwenda mahakamani kupinga matokeo ya urais? Ibara ya 41(7) inazuia. Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha, ilitamka Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka haki, lakini Tanzania haijakiondoa.

Halafu kuna Ibara ya 40. Makamu anayerithi urais ukiwa umebaki muda wa miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 2021, muhula ukiwa umebakiza zaidi ya miaka minne, na alishagombea 2025. Kwa Katiba ilivyo, 2030 hawezi kugombea.

Nilipolisema hili juzi, yule kijana wa kete nane aliuliza, "Kumbe muda wote huu tunabishana kuhusu nani?"

"Chama chao kitaleta mwingine," mzee akamjibu. "Sisi tutaleta nani, na tutakubaliana lini?"